Bomba la moshi la jiko la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye nyumba na wapangaji wa Dar es Salaam wanaopikia kuni, mkaa au vifuu: jiko banifu lililojengwa ukutani, jiko la banda la uani, tanuri dogo la mikate. Gesi ya mtungi imeguswa pale tu inapokutana na bomba la moshi.

## Mambo ya msingi

1. Mimi natumia mkaa, na mkaa hauna moshi. Bomba la nini?

Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi wa kuonekana kwa sababu maji na lami ya mti vilishatoka kwenye tanuri la kuchomea mkaa huko ulikotoka. Kinachobaki ni kaboni, na kaboni ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi: gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Ndani ya damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo kiasi kidogo tu hewani kinatosha kumdhuru mtu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Moshi wa kuni unakufukuza jikoni mwenyewe. Mkaa haukufukuzi. Bomba kazi yake ni kutoa nje kile usichokiona, na kile unachokiona kinatoka pamoja nacho.

Jiko la kawaida la mkaa, lile lililo wazi juu, halina mahali pa kufungia bomba. Hilo dawa yake ni kupikia nje au kwenye banda lililo wazi angalau pande mbili. Tazama pia swali la 13.

2. Bomba linavutaje moshi bila feni?

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda, na ikipanda huacha nafasi inayovuta hewa nyingine kupitia mlango wa jiko. Mvuto huo unategemea urefu wa bomba, joto lililomo na unyoofu wake. Hapa Dar hewa ya nje ina joto karibu mwaka mzima, kwa hiyo tofauti kati ya ndani ya bomba na nje ni ndogo kuliko Iringa au Lushoto. Bomba fupi linaloweza kufanya kazi huko juu, huku linaweza kusuasua.

Halafu kuna jambo linalosahauliwa: hewa inayotoka lazima nyingine iingie. Jiko lililo ndani ya nyumba yenye madirisha ya vioo vya kuteleza yaliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi halina pa kuvuta.

3. Upana na urefu uwe kiasi gani?

Majiko mengi ya nyumbani yanataka bomba la kipenyo cha sentimita 10 hadi 15. Kanuni ni moja: bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko popote njiani. Fundi akikupunguzia kipenyo katikati kwa sababu kipande kilichobaki kilikuwa chembamba, mrudishe.

Kwa urefu, bomba litokeze angalau sentimita 90 juu ya pale linapotoboa paa, na kilele chake kiwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuzunguka: mgongo wa paa, ukuta wa jirani, tangi la maji. Nyumba za mijini zimebanana, na tangi la lita 1,000 lililopandishwa mnarani baada ya bomba kujengwa limeharibu mvuto wa majiko mengi.

Epuka kona. Ikibidi, kona mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya nyuzi 90. Kipande cha kulala kiwe kifupi, na kiinuke angalau sentimita 2 kwa kila mita.

4. Nitumie bomba la nini?

Tuanze na lisilofaa kabisa: bomba la plastiki la maji taka. Linaonekana kwenye mabanda mengi kwa sababu ni rahisi na halipati kutu. Plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi, na ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Hata kama jiko ni dogo, hata kama ni kipande cha juu tu, usilitumie.

Bomba la bati lenye zinki ndilo linalokunjwa na mafundi wengi. Halifai kwa kipande kinachoanzia jikoni. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kabla ya hapo tabaka lake linaharibika. Mvuke wake, mtu akiuvuta, humletea homa na maumivu ya mwili kama malaria. Kwa mita ya kwanza tumia chuma cheusi cha milimita 2, na kwa kilichobaki chuma kisichoshika kutu. Ukinunua cha pua, cha daraja la 304 kinatosha maeneo ya ndani kama Kimara au Ubungo. Kwa Kigamboni, Msasani, Kawe na kwingine kunakofikiwa na upepo wa chumvi, 316 hudumu zaidi kwa sababu ina molibdeni, inayopunguza kutoboka kwa chumvi.

Bati jembamba la geji 30 litakufa mapema. Kumbuka geji inavyohesabiwa: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba.

Dohani ya matofali ni nzuri ikiwa imepigwa lipu laini ndani. Nyufa ndizo adui yake.

Nyumba ya zamani ikiwa na bomba la kijivu la asbestosi, usilikate, usilisugue kwa brashi ya waya, usilivunje. Vumbi lake ndilo hatari. Liache likiwa zima, au mtafute mtu mwenye vifaa vya kuliondoa likiwa limeloweshwa.

5. Bomba linapita kwenye dari na bati. Pafanyweje?

Bomba la ukuta mmoja linahitaji sentimita 45 kutoka kwenye mbao: papi, kenchi, fremu ya silingi bodi. Bomba la kuta mbili lenye pamba ya mwamba katikati laweza kukaribia hadi sentimita 5, ila fuata maandishi ya mtengenezaji. Mbao iliyokaa karibu na joto kwa miaka hukauka kupita kiasi, na siku moja hushika moto kwa joto ambalo ilikuwa ikilistahimili tangu mwanzo. Ndiyo maana "limekaa miaka kumi bila tatizo" si ushahidi wa usalama.

Kata tundu la dari liwe kubwa kuliko bomba, funika nafasi kwa sahani ya bati, na hakikisha hakuna waya wa umeme unaopita humo ndani ya dari.

Juu ya paa weka kola ya bati inayoingia chini ya bati la upande wa juu na kulala juu ya bati la upande wa chini. Silikoni peke yake itapasuka kabla masika mawili hayajapita.

Vipande vya bomba viunganishwe ncha nyembamba ikitazama chini, jikoni. Mafundi wengi hugeuza ili maji ya mvua yasiingie kutoka nje, matokeo yake lami ya moshi inachuruzika ukutani. Kila kiungo kipate skrubu tatu.

6. Na paa la makuti?

Usipitishe. Toa bomba kwa ukutani, lisimame mbali na makuti, na kilele chake kiwe na wavu wa kuzuia cheche wenye matundu ya milimita 10 hadi 13. Wavu wa matundu madogo zaidi huziba kwa masizi haraka, ukaishia kuondolewa.

## Usafi na ukaguzi

7. Lisafishwe mara ngapi?

Usihesabu miezi, pima. Masizi yakifika unene wa milimita 3 popote ndani ya bomba, safisha. Anayepika kwa kuni kila siku aangalie kila mwezi. Wa mkaa, kila miezi mitatu. Baada ya mara mbili tatu utajua jiko lako linakula muda gani. Mbali na hayo, fanya ukaguzi kamili mara moja kwa mwaka, Februari, kaskazi likiwa bado linavuma na paa ni kavu, kabla masika ya Machi hayajaanza.

8. Nalisafishaje mwenyewe?

Utahitaji brashi ya mviringo yenye kipenyo cha bomba lako, kamba au mti wa kuungaunga, shuka kuukuu, ndoo ya chuma yenye kifuniko, barakoa inayobana uso vizuri, miwani na tochi. Kwa chuma kisichoshika kutu tumia brashi ya nailoni. Nyuzi za chuma cha kawaida huacha vipande vinavyoota kutu.

1. Acha jiko lipoe usiku kucha. Toa majivu yote (swali la 12).
2. Funika mlango wa jiko kwa shuka lililoloweshwa kidogo, libanwe kandokando. Ondoa vyombo na chakula jikoni.
3. Kabla ya kupanda, tazama nyaya za umeme zilizo karibu na paa. Mti wa chuma wa mita 3 mikononi mwa mtu aliye juu ya bati ni njia fupi ya kupigwa shoti. Kanyaga juu ya misumari ya papi, si katikati ya bati, na paa likiwa na unyevu ahirisha.
4. Vua kofia ya bomba, sugua juu-chini kwa mapigo mafupi, ukishuka kidogo kidogo. Kama bomba linafunguka, ni rahisi zaidi kulishusha na kulisafishia uani.
5. Subiri nusu saa vumbi litulie, kisha toa masizi chini, hasa kwenye kona na nyuma ya tumbo la jiko, yanakojikusanya.
6. Mulika tochi kutoka chini. Ukiona duara kamili la mwanga juu, njia i wazi.
7. Washa karatasi moja jikoni. Moshi uingie bombani wenyewe kabla hujarudisha chungu.

Usifagie masizi makavu kwa ufagio ndani ya nyumba. Futa kwa kitambaa chenye maji.

9. Masizi yote ni sawa?

Hapana. Unga mweusi laini unatoka kwa brashi na si wa kuogopa sana. Magamba makavu yanayokatika yanataka kazi zaidi. Kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kama lami ya barabarani iliyoganda, ndicho kinachoshika moto ndani ya bomba, na brashi haikitoi. Hapo kipande hubadilishwa.

Lami hiyo inatokana na moshi unaopoa chini ya nyuzi 120 hivi kabla haujatoka. Sababu zake ni kuni mbichi, moto unaofifishwa ili maharage yaive polepole, na bomba refu lisilofunikwa linalopigwa na upepo. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kwa hewa ya pwani hilo halitokei zenyewe: zipange juu ya matofali, chini ya paa, pande zikiwa wazi, zilizopasuliwa tayari.

Vifuu vinawaka kwa joto kali sana na moshi wake wa mwanzo una lami nyingi, kwa hiyo changanya vichache na kuni. Makumbi mabichi ni mabaya zaidi, hufuka bila kuwaka. Mbao zenye rangi, vipande vya ubao wa kabati kutoka kwa seremala, plastiki na matairi visiingie jikoni hata kwa kuwashia.

10. Kunguru wamejenga bombani. Nifanyeje?

Kunguru wa Dar hujenga kwa vijiti na nyaya, na kiota chenye nyaya hakianguki kikisukumwa kutoka chini, kinajikaza. Kivute kutoka juu kwa ndoano. Usijaribu kukichoma ndani ya bomba. Kisha weka kofia yenye wavu pembeni. Jiko ambalo halijawashwa kwa wiki kadhaa, mfano baada ya safari ya mwisho wa mwaka, mulika tochi kabla ya moto wa kwanza. Ukisikia mvumo wa nyuki, acha na mwite mrina asali.

## Mambo yakienda mrama

11. Moshi unarudi ndani. Nianzie wapi?

Anza na rahisi. Fungua dirisha moja upande upepo unakotoka. Moshi ukiacha kurudi, tatizo ni hewa ya kuingia, si bomba. Kama jikoni kuna feni ya kutoa hewa, izime: feni ina nguvu kuliko bomba na huvuta moshi urudi chini.

Ukiwa bado unarudi, tazama njia: wavu wa kofia umeziba, kiota, masizi kwenye kona, kiungo kilichoachana ndani ya dari. Hicho cha mwisho ni kibaya kwa sababu moshi hauonekani jikoni; unaonekana kama doa la kahawia kwenye silingi bodi.

Ikiwa moshi unarudi msimu mmoja tu, ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na ghorofa la jirani linaweza kuugeuza upepo ukashuka juu ya bomba lako. Ongeza kipande cha nusu mita au badilisha kofia kabla ya kuvunja jiko.

Ukirudi dakika za kwanza tu, bomba ni baridi. Choma karatasi moja karibu na mdomo wa bomba kwanza, halafu washa kuni.

Usizibe nyufa za jiko kwa saruji tupu. Saruji hupasuka kwa joto. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga hustahimili zaidi.

12. Bomba likishika moto? Na majivu niyaweke wapi?

Moto wa bomba huvuma kama upepo mkali ndani ya chuma, bomba huwa jekundu, cheche hutoka juu. Joto lake laweza kupita nyuzi 1,000. Toa watu nje, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ukiweza kwa usalama, funga mlango wa hewa wa jiko na mwaga mchanga mkavu juu ya moto ulio chini. Usimwage maji bombani: hugeuka mvuke ghafla, hupasua udongo na kutawanya makaa. Maji yamwagwe kwenye makuti, mbao na vitu vya jirani. Baada ya hapo jiko lisiwashwe mpaka kila kipande kikaguliwe, hata kama kwa nje bomba linaonekana zima.

Majivu huficha makaa hai kwa siku kadhaa. Yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya saruji, mbali na ukuta wa mbao na mbali na mtungi wa gesi. Ndoo ya plastiki na mfuko wa salfeti ndio chanzo cha moto wa usiku wa manane.

13. Mvua imeshika, nimeingiza jiko la mkaa chumbani. Nikiacha dirisha wazi kidogo inatosha?

Haitoshi. Wala beseni la maji haliondoi kaboni monoksidi; ni imani iliyoenea na haina ukweli. Jiko linaloelekea kuzima, lile ambalo mtu huona "limeshaisha", bado linatoa kaboni monoksidi. Usilale nalo, hata likiwa limefunikwa majivu.

Ni hivyo hivyo kwa chetezo cha udi chumbani kilichofungwa na kwa pasi ya mkaa: vipande vichache, chumba kidogo. Fukiza milango ikiwa wazi, kisha toa chetezo nje kabla ya kulala. Jenereta nayo isiwekwe barazani wala chini ya dirisha.

14. Dalili za sumu hiyo ni zipi, na nifanye nini?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kuchanganyikiwa. Hufanana na malaria au uchovu, ila bila homa. Watu kadhaa wa nyumba moja huugua pamoja na hupata nafuu wakitoka nje. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika.

Mtoe mgonjwa nje, zima jiko kama unaweza bila kukaa ndani, nendeni hospitali. Mwambie daktari wazi: "Tulikuwa na jiko la mkaa ndani." Ni muhimu kwa sababu kile kifaa cha kubana kidole huonyesha oksijeni nzuri hata damu ikiwa imejaa gesi hiyo. Tiba ni oksijeni.

## Maswali ya pembeni

15. Kengele ya kaboni monoksidi ina maana kununua?

Ndiyo, ikiwa unapikia ndani. Zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa sehemu 50. Iweke usawa wa kupumua, mita 1 hadi 3 kutoka jikoni, na nyingine karibu na vyumba vya kulala. Soma tarehe ya mwisho nyuma yake. Haichukui nafasi ya kengele ya moshi wala ya gesi ya kupikia. Hiyo ya gesi huwekwa chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa.

16. Naweza kuunganisha kofia ya kuvuta moshi ya jiko la gesi kwenye bomba la mkaa?

Hapana. Mafuta ya kukaangia yatakutana na cheche. Kila kimoja kiwe na njia yake.

17. Nyumba ni ya kupanga, au moshi ni wa jirani. Nani anawajibika?

Bomba lililojengwa ni sehemu ya jengo, kwa hiyo ukaguzi wa paa na kubadilisha vipande ni haki kuudai kwa mwenye nyumba. Kusafisha masizi yako mwenyewe mara nyingi ni juu yako. Andikeni kwenye mkataba. Kwa jirani, anza kwa kuzungumza, maana kipande cha nusu mita juu ya bomba lake kinaweza kumaliza ugomvi. Kikishindikana, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwombe afisa afya aje wakati jiko linawaka.

18. Nimehamia gesi. Bomba la zamani nilifanyeje?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo swali hili litaongezeka. Kama mkaa bado unautumia Jumapili kwa maharage na makongoro, bomba lisafishwe kama kawaida. Jiko la mara moja moja ndilo linalokaribisha kunguru na kutu, sababu masizi yakilowa huwa na asidi.

Kama umeacha kabisa, lisafishe kwanza, kwani masizi yaliyolowa hunuka na kula bati. Bora lishushwe na tundu la paa lizibwe kwa bati zima. Ukiliacha, funga juu kwa kofia na chini kwa sahani yenye matundu madogo, ili unyevu usijikusanye ndani, na andika ukutani kwa rangi kwamba limefungwa, mpangaji mwingine asije akawasha.